Diski ni yangu, kufuli ni la nani?

Mwaka 2007 nilinunua dukani diski halisi ya DVD, kwa bei ambayo mtaani ningepata tano. Nilitaka wanangu waone kuwa jasho la mtu hulipwa. Nikaitia kwenye kompyuta yangu ya mezani inayotumia Linux. Ikagoma. Mpwa wangu akacheka: "Mjomba, ungenunua ya mtaani ingecheza."

Ndugu msomaji, maneno yale yalinikera kwa sababu yalikuwa kweli. Filamu katika diski hizo hufungwa kwa kufuli la siri liitwalo CSS, na funguo zake hupewa watengenezaji walioingia mkataba na kuahidi kutozitoa. Programu huria huanika maandishi yake yote ili kila mtu ayasome, sasa zitatunzaje siri? Mwizi mwenye mtambo wa kuchapa diski hana shida. Ananakili kila kitu, kufuli likiwemo, na nakala yake inacheza. Anayefungiwa nje ni aliyelipa!

Mpwa wangu akanieleza kuwa ipo libdvdcss, programu ndogo inayofungua kufuli hilo bila kuomba ruhusa kwa mtu. Nikasita. Je, huku si kuvunja mlango?

Swali hili lilikwishafika mahakamani. Mwaka 1999 kijana wa Norway, Jon Lech Johansen, akiwa na miaka 15 tu, alishirikiana na wenzake kutoa DeCSS, programu ya kufungua kufuli hilo hilo. Wenye filamu wa Marekani wakalalamika, naye akashitakiwa. Januari 2003 mahakama ya Oslo ikamwachia huru, ikisema aliyenunua diski kihalali ana haki ya kuitazama. Rufaa nayo ikagonga mwamba Desemba mwaka huo huo. Huko Marekani mambo yalikuwa kinyume: kwa sheria ya mwaka 1998, mahakama ya New York ililizuia jarida moja mwaka 2000 lisiiweke DeCSS kwenye tovuti yake.

Watasema kununua ni kukubali masharti ya muuzaji, na sisi tumeamrishwa kutimiza mikataba. Sawa, lakini mkataba upi? Dukani hakuna aliyeniambia kuwa nitatazama kwa programu ya fulani tu. Sharti linalofichwa ndani ya bidhaa, likajulikana pesa zimeshatoka, mimi naliona ni hadaa. Nikaifungua, na filamu tukaitazama.

Hata hivyo sijitakasi. Wiki iliyofuata mpwa wangu akataka nakala za kuwauzia rafiki zake. "Si umeshaifungua, mjomba?" Nikakataa, tukabishana hadi usiku. Alinitaka nimwonyeshe ni mstari gani wa programu unaotenganisha kutazama na kuiba. Haupo. Ufunguo ni ule ule, na kompyuta haijui nani kalipa na nani hakulipa. Nikamwambia mimi ninajua, akaniona mzee mkaidi.

Diski ile ninayo mpaka leo, imejaa mikwaruzo, na yeye sijamwazima.