Kigae cha Kilwa

Malipo ya mnada wa korosho yalipoingia, kijana mmoja wa Chiola, Nachingwea, aliazimia kutembea pwani. Amechoka, alisema, na ming'oko na uraka wa mabibo. Anataka pweza, tembo la mnazi na mambo ya kale. Mjomba wake hakumzuia. Alimwambia tu: "Mpwa wangu, mgeni njoo, mwenyeji apone. Usiende kuwa ugonjwa wa watu."

Akapita Lindi, akashuka Nangurukuru, akalala Kilwa Masoko. Usiku ule alikula wali wa nazi kwa pweza na kunywa tembo hadi vibanda vilipofungwa. Asubuhi akachukua kibali, akavuka kwa mashua hadi Kilwa Kisiwani.

Mwenyeji aliyemwongoza alimtembeza bila haraka. Alimwonyesha Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa, kasri la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, lenye birika la pembe nane juu ya mwamba unaotazama bahari. Alimweleza kuwa msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, enzi dhahabu ya Sofala ikipitia hapa, na kwamba Wareno waliuvamia mji mwaka 1505. Kijana alisikia nusu. Nusu nyingine ilizama katika tembo la jana. Mwenyeji alipotangulia, aliona kigae cha kauri ya Uchina, cha kijani, kimefunuliwa na mvua. Akakitia mfukoni.

Aliporudi Chiola alikiweka mkekani kwa fahari. "Mjomba, nimekuletea historia."

Mzee akakigeuza. "Kilikuwa katika chumba gani?"

"Sikumbuki."

"Kilikuwa juu ya udongo au chini ya sakafu? Jirani na nini?"

Kijana akainama.

"Mpwa, hapa Nachingwea Waingereza walileta mradi wa karanga miaka ya 1940, wakajenga reli kutoka pwani. Mradi ukafa, reli ikang'olewa. Leo nikiwaambia wajukuu kwamba garimoshi lilifika huku, wanadhani nawapigia ngano. Ushahidi ukiondoka mahali pake, mzee hugeuka mwongo. Nawe umekwenda kuwafanya wazee wa Kilwa waongo?"

Kesho yake kijana akalipa nauli mara ya pili. Msimamizi wa magofu alikipokea kigae, akamkumbusha kwamba Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza alichofanya. Kisha akamweleza jambo lililomchoma kuliko sheria: mwanaakiolojia Neville Chittick alipochimba Kilwa miaka ya 1960, vigae kama hivi ndivyo vilivyomsaidia kutambua tabaka lipi la mji ni la karne ipi. Kigae kilichotulia mahali pake ni shahidi.

"Nionyeshe ulipokiokota, tukirudishe," akasema.

Wakazunguka hadi jua likapinda. Kila ukuta ulifanana na mwingine machoni pa mtu aliyepita bila kuangalia. Kigae kikabaki mkononi mwa msimamizi, kimerudi kisiwani lakini hakikurudi nyumbani.

Funzo ni hili. Vyakula vya watu uvile, na vinywaji vyao vionje kwa kiasi kitakachokuachia masikio ya kusikiliza. Lakini cha kale kiache kilipo, ubebe maelezo yake. Kuvunjika kwa chombo hakukimalizi: vipande vyake bado husema, almradi vimelala vilipoangukia. Ukiviondoa, unavinyamazisha, na toba haiwezi kuvirudishia sauti.