Je, Twawafundisha Watoto au Twawanyamazisha?

Katika darasa zetu hapa Tarasaa limezuka swali lisilofaa kupuuzwa: je, vyuo vyetu, skuli zetu, na sisi wazee wenyewe, twazikuza akili za watoto au twazizima? Jambo hili si dogo. Mtoto ni amana, na akili yake ni sehemu ya amana hiyo.

Tuanze na tuyaonayo kila siku. Mtoto wa kwetu, kabla hajaijua alifu, hufinyanga ng'ombe kwa udongo wa mto, huchonga mtumbwi mdogo akautia majini, na huuliza. Huuona mto wa Tana umefurika ilhali hapa jua lawaka, akasema: "Maji haya yametoka wapi?" Swali hili ni mlango wa elimu. Kulijibu ni kumweleza kwamba mvua imenyesha mbali, katika Mlima Kenya na milima ya Nyandarua, nayo maji yakasafiri mpaka kwetu. Lakini ni wangapi katika sisi wamjibuo hivyo? Wengi humwambia, "Nyamaza, usijitie ujuaji!" Akiisha kuambiwa hivyo mara kumi, hunyamaza kwa kukata tamaa, nasi twamsifu kuwa ana adabu.

Wako wasemao kwamba imani yataka kusikia na kutii tu. Na wairejee Qur'ani. Nabii Ibrahim (a.s.) alimuomba Mola wake amuonyeshe vipi huhuisha wafu. Alipoulizwa juu ya imani yake, alieleza kuwa aamini, ila ataka utulivu wa moyo. Hakufukuzwa, aliamrishwa achukue ndege wanne, akaonyeshwa. Ikiwa Khalilullahi aliuliza, itakuwaje ni kosa kwa mtoto wa miaka minane?

Wengine wachelea bidaa, nao wachanganya mambo mawili. Lililokatazwa ni kuzusha jambo katika dini. Ama kubuni katika kazi za dunia ni mlango mwingine. Mtume (s.a.w.) aliwaachia wakulima wa Madina kazi ya kuichavusha mitende yao, kwa kuwa wao ndio wajuzi wa kazi hiyo.

Wala hatusemi watoto waache kuhifadhi. Hifdhi ni hazina yetu. Ubaya ni kuifanya ndiyo mwisho wa safari. Ibn Khaldun (1332–1406) aliiona ila hii zamani. Aliandika kwamba muda wa kukaa madrasani Maghribi ulikuwa miaka 16, na Tunis miaka 5. Sababu aliitaja: huko mwanafunzi hukaa kimya, hajadiliani na mtu, hifdhi yake ikawa kubwa na umahiri asiupate. Akaonya pia kwamba ukali humzoeza mtoto uvivu, uwongo na hila.

Na watu wa skuli wasidhani wamesalimika. Sheria ya Kenya iliiondoa fimbo skulini mwaka 2001. Lakini mtihani wa KCPE, uliofanywa mara ya mwisho mwaka 2023, kwa sehemu kubwa ulimtaka mtoto achague jibu moja katika manne yaliyokwisha kuandikwa na mwingine. Mtaala mpya, ulioanza kutumika nchi nzima mwaka 2019, waahidi kukuza vipawa. Ahadi ni njema, lakini mtaala haumjibu mtoto. Amjibuye ni mwalimu na mzazi.

Hasara ya kimya twaijua sisi. Katika mapigano ya 2012 na 2013, Wapokomo na Waorma, majirani wa mto mmoja, walizika watu zaidi ya 100. Ugomvi wa ardhi na maji ni wa kale, na sababu zake ni nyingi. Lakini kijana asiyezoezwa kumuuliza mwalimu wake, "Kwa nini?", ataupata wapi ulimi wa kumuuliza hivyo mchochezi ampaye panga?

Basi tufanye yaliyo katika uwezo wetu. Mwalimu wa chuo na aache robo saa mwisho wa darasa kwa maswali, wavulana na wasichana sawasawa. Mzazi na ajibu. Na asipojua, aseme hajui, kisha watafute pamoja. Imam Malik, pamoja na ukubwa wa elimu yake, hakuona haya kusema hajui. Na mtoto apewe wasaa wa kucheza baada ya masomo, kwani Imam Ghazali alionya kwamba kumnyima mchezo na kumlemea kwa masomo daima huua moyo wake na kudhoofisha akili yake.

Siku ya hisabu tutaulizwa juu ya amana hii. Aliyewazuia watoto wasiulize na ajitayarishe kujibu. Mwenyezi Mungu atuongoze sisi na watoto wetu. Amin.