UMA ULIOVUNJIKA MLIMANI

Somo: Wagalatia 6, mstari wa 2 na wa 5.



Mstari mmoja watutaka tusaidiane mizigo. Mwingine wasema kila mtu ana wake. Vijana wakatuuliza: enyi mashemasi, tufuate upi? Siku ile hatukujibu vizuri. Leo tunajaribu tena, kwa habari ya mtu wa kinga.

Mwaka 1913, katika mashindano ya kinga ya kuzunguka Ufaransa, Eugène Christophe alikuwa na tumaini kubwa la kushinda. Siku moja njia yao ilikuwa zaidi ya kilomita 300, toka Bayonne hadi Luchon, katika milima. Alikwisha kupanda Tourmalet, penye urefu wa metre 2115. Katika kuteremka, uma unaoshika gurudumu la mbele ukavunjika. Sheria ilikataza mtu yeyote kumsaidia. Akabeba kinga begani, akatembea kilomita nyingi mpaka kijiji cha Sainte-Marie-de-Campan, wenzake wakimpita. Huko akaomba nafasi kwa mhunzi, akafua chuma kwa mikono yake mwenyewe, wasimamizi wakimchungulia. Lakini mikono miwili haitoshi kushika chuma na kuvuta mivuo pia; mtoto mmoja akamvukutia moto. Kwa ajili ya mtoto huyo akaongezewa adhabu ya dakika 10! (Baadaye zikapunguzwa kuwa 3.) Akapanda tena kinga, akaendelea na milima iliyobaki. Mwisho wa mashindano akawa wa 7.

Angalieni: hakuna aliyetembea kwa miguu yake, wala aliyempigia nyundo. Huo ni mstari wa 5. Mtoto alivukuta tu. Huo ni wa 2. Wasimamizi walijua mmoja. Hatuwalaumu sana, mashindano ni mashindano.

Sasa tuseme yetu. Mwezi uliopita, sisi mashemasi watatu tulikuwa garini tukipanda mlima wa Ngomo, kwenda sala ya usiku. Tukamkuta ndugu yetu wa kanisa akisukuma kinga yenye magunia mawili ya mchele wa bonde la Ruzizi, uma umevunjika. Tulimjua, naye alitujua. Tukapunga mkono, tukasema: Mungu akutie nguvu! Gari likaenda. Nafasi ya magunia yale ilikuwako. Tulifika kwa wakati, tukavaa kanzu, tukaimba. Yeye alifika kwake usiku sana. Hakutushitaki kwa mtu. Siku ya Mungu aliketi mahali pake, nyuma karibu na mlango.

Tumemwendea, tumepiga magoti, ametusamehe. Uma ungali kwa mhunzi. Amekataa tumlipie kazi, ataifanya mwenyewe; anachokosa ni makaa na mtu wa kuvukuta. Siku ya tatu, baada ya sala ya asubuhi, sisi watatu tutakuwa pale. Mwenye kikapu cha makaa aje nacho.