Hodi ya Mgeni Asiyeonekana

Mau Narok iko zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi nyingi huamka imefunikwa na ukungu. Malori ya viazi vya shangi yanateremka polepole kuelekea Njoro. Katika ofisi ya chama cha akiba na mikopo, mfano wa zile zilizotapakaa kote Bonde la Ufa, karani hajavua koti, na mfumo umekwama. Anampigia simu fundi aliye Nakuru mjini, anamsomea tarakimu za AnyDesk, anabonyeza kukubali, kisha anaondoa mkono kwenye kipanya. Kishale kinaanza kutembea chenyewe. Faili zinafunguka na kufungwa, naye anatazama kazi ikifanywa na mikono asiyoiona.

Huyo ni mgeni wa namna gani?

Mswahili hufundishwa hodi kabla hajafundishwa kusoma. Kurani, katika Surat An-Nur aya ya 27, inawakataza waumini kuingia nyumba zisizo zao mpaka waombe ruhusa na kuwasalimu wenyewe. Injili ya Yohana, sura ya 10, inamtambua mwizi kwa kukwepa mlango wa zizi na kupandia kwingine. Mchungaji hupita mlangoni, na kondoo wanaijua sauti yake. Mafundisho yote mawili yanaupa mlango uzito wa kimaadili. Mwizi wa leo, hata hivyo, ameusoma mlango vizuri kuliko wenye nyumba. Anaujia akiwa na ufunguo halisi na jina halisi la mtu mwingine, na zizi zima linaisikia sauti ya mchungaji.

Mei 2021 kampuni ya Colonial Pipeline, ambayo bomba lake hubeba karibu nusu ya mafuta yanayotumika pwani ya mashariki ya Marekani, ililazimika kusimamisha kazi kwa siku kadhaa. Wadukuzi wa kundi la DarkSide walikuwa wameingia kupitia akaunti ya VPN, ile njia ya kuwawezesha wafanyakazi kufika kwenye mtandao wa kampuni wakiwa mbali. Akaunti hiyo haikupaswa kuwa bado inatumika. Ililindwa kwa nywila peke yake, bila uthibitisho wa pili, na nywila hiyo ilikuja kukutwa miongoni mwa zilizovuja mtandaoni. Kampuni iliwalipa wadukuzi hao fidia ya takriban dola milioni 4.4. Hakuna kufuli lililovunjwa. Mashine iliulizwa kama nywila ni sahihi, ikajibu kwamba ni sahihi, na kwa upande wake ilisema kweli.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo: idhini hupewa mtu, au hupewa ufunguo? Sheria ya Kenya ya mwaka 2018 kuhusu makosa ya kompyuta, kifungu cha 14, inamwandama mtu. Anayeingia kwenye mfumo bila idhini anaweza kuhukumiwa faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Mashine haina uwezo wa kumjua mtu. Inajua ufunguo tu. Katika pengo hilo ndimo mwizi anamoishi.

Mwaka 2010 mchambuzi John Kindervag alipendekeza kanuni kwamba mtandao usimwamini yeyote kwa sababu tu yumo ndani. Kila ombi lithibitishwe upya. Kwa mtu aliyelelewa kijijini, maneno hayo yanachoma. Je, utu si kuaminiana? Lakini wanachama wa hicho chama cha akiba hawakopeshani kwa uso peke yake. Mkopaji huleta wadhamini, wanatia sahihi, na hakuna anayesema ametukanwa. Katika boma la Kimaasai pia, kila mwenye mji ana lango lake, na matawi ya miiba husogezwa kulifunga kila jioni. Jirani halioni tendo hilo kuwa shutuma. Linafanywa kwa ajili ya ng'ombe.

Ng'ombe wa ofisi ile ni majina, nambari za vitambulisho, akiba za miaka, na mikopo ambayo mkulima hakumwambia hata nduguye. Si mali ya karani wala ya fundi, ni amana. Aprili 2023 Naivas, kampuni ya maduka makubwa nchini Kenya, ilitangaza kwamba wadukuzi walikuwa wameshambulia mtandao wake na kwamba baadhi ya data zake ziliguswa. Wenye data hizo hawakubishiwa hodi na yeyote. Ndiyo maana kosa la kusahau kufunga si dogo kimaadili: anayeridhia kutunza cha wengine hana haki ya kuwa mkarimu kwa kile asichokimiliki.

Idhini, basi, ina mtu wake, kazi yake na muda wake. Ikiwa fundi ndiye aliyeanza kupiga simu, karani akate na kumpigia kwa nambari anayoijua. Mlango wa kuingilia kwa mbali usiachwe wazi kwa intaneti nzima. Nywila isindikizwe na msimbo wa pili. Kila aliyeingia aandikwe, na saa aliyotoka iandikwe. Mkutano wa kamati uanze na orodha ya akaunti, isomwe kwa sauti jina baada ya jina. Huenda katika orodha hiyo limo jina la karani aliyestaafu, sasa analima njegere zake, na akaunti yake bado inafungua kila kitu.