Maji na Mfereji

Mwaka niliomaliza kidato cha sita nilirudi Usevya kusubiri matokeo, na kanisa likanipa kazi ya kuandika sadaka ya mavuno. Kwetu, kusini mwa Hifadhi ya Katavi, fedha huadimika lakini mpunga hupatikana. Mmoja huleta debe, mwingine gunia zima. Nilikaa mlangoni na daftari, nikaandika kila jina na alicholeta. Jumla ilifika magunia 41.

Wiki tatu baadaye mchungaji alisoma taarifa mbele ya waumini: magunia 29. Nilikuwa benchi la kwaya, daftari kwenye begi miguuni pangu. Sikusema neno.

Miezi ikapita, mambo yakajulikana bila msaada wangu. Fedha za mabati nazo hazikuonekana. Mchungaji akahamishwa kimyakimya. Nilidhani bibi yangu atalalamikia debe zake mbili. Badala yake aliniita uani, akasema: “Mjukuu wangu, wewe umesoma. Yule ndiye aliyembatiza mdogo wako, ndiye aliyemzika babu yako. Ina maana tulimzika bure?”

Sikuwa na jibu. Leo niko mwaka wa pili wa shahada ya uzamili, na nimegundua kwamba swali la bibi lina zaidi ya miaka 1,700. Mwaka 303 Kaisari Diocletian alianza kuwatesa Wakristo, na huko Afrika Kaskazini baadhi ya viongozi wa kanisa walitoa Maandiko yachomwe ili waokoe maisha yao. Mateso yalipokwisha, Wakristo waliofuata upande wa Donatus walishikilia kwamba huduma ya msaliti ni batili. Kanisa likagawanyika kwa zaidi ya miaka 100. Augustino, askofu wa Hippo, aliwajibu kwamba ubatizo ni wa Kristo, si wa anayebatiza. Mhudumu mwovu alimfananisha na mfereji wa jiwe: maji hupita yakafika bustanini, ingawa jiwe lenyewe haliotesha kitu.

Kwa hiyo bibi hakupoteza kitu. Nilipompigia simu kumweleza, alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Haya, nimeshukuru.”

Lakini swali hili lina upande wa pili, na Watanzania tuliuona mwaka 2011. Nilikuwa shule ya msingi wakati maelfu ya watu walipomiminika kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile. Waliomtetea mara nyingi hawakuanza na dawa; walianza na mzee mwenyewe. Ni mnyenyekevu, walisema. Anatoza shilingi 500 tu. Angekuwa tapeli si angepandisha bei? Hata hivyo, wapo waliofia njiani na kwenye foleni, na wapo walioacha dawa zao za hospitali. Uadilifu wa mtu ulichukuliwa kuwa ushahidi wa kilichomo kikombeni.

Basi ubaya wa mfereji hauchafui maji, na uzuri wake hauyageuzi kuwa dawa. Kama ndivyo, tabia ya mchungaji ina kazi gani?

Wazee wetu walikuwa na jibu la haraka: mpakwa mafuta haguswi, mwachieni Mungu. Ni kama walimsoma Augustino wakaishia nusu ya ukurasa. Fundisho lile linamlinda anayekunywa. Linamwambia mjane kwamba wizi wa mchungaji haukumnyang'anya mume wake maziko. Sisi tumeligeuza limlinde mfereji, ili mwizi alale usingizi.

Barua ya kwanza kwa Timotheo, inapoeleza askofu awe mtu wa namna gani, haiishii kwenye uwezo wa kufundisha. Inataja fedha, mvinyo, nyumba yake, hata sifa yake kwa watu walio nje ya kanisa. Zamani sikuelewa kwa nini watu wa nje waulizwe. Sasa naelewa. Mnunuzi wa mpunga pale Usevya, ambaye hasali kwetu, alijua habari za yale magunia 12 kabla ya mzee yeyote wa kanisa. Yeye ndiye aliyeyapima.

Nadhani kazi ya tabia iko hapo. Sakramenti haihitaji mhudumu mwaminifu ili iwe sakramenti. Watu ndio wanaomhitaji. Mjane hukabidhi siri zake, mkulima hukabidhi debe lake, mzazi hukabidhi mtoto wake, na vitu hivyo, tofauti na neema, huweza kabisa kupotea mikononi mwa mtu mbaya.

Lipo pia lililo gumu zaidi kwangu. Tunazungumza juu ya maadili ya wachungaji kana kwamba ni mali yao binafsi, wanayotoka nayo chuo cha biblia. Pengine yule mtu alianza vizuri. Siku aliposoma 29 alikuwa akitujaribu, na palikuwa na mtu mmoja ndani ya kanisa aliyejua kwa hakika. Nilikaa kimya kwa kuwa nilimheshimu, na heshima yangu ikamfundisha kwamba inawezekana. Mabati yalifuata.

Daftari bado ninalo. Bibi alipouliza swali lake, hakujua kwamba lilikuwa chumbani, hatua chache kutoka pale uani. Hilo sijamwambia mpaka leo.