Pampu ya Mafuta na Kudra ya Mungu

Ajali ikitokea kati ya Maungu na Voi, au kwenye kona za kupanda Wundanyi, waombolezaji, Wakristo kwa Waislamu, hukutana katika neno moja: ni mapenzi ya Mungu. Neno hilo hufariji, na aliyefiwa ana haki nalo. Ninachopinga ni kulitoa matangani na kulipeleka gereji, likawa kinga ya fundi kabla hajashika spana. Nashikilia kwamba madhara ambayo mtu aliweza kuyaona mapema na kuyazuia hayamo katika fumbo la kudra. Yamo katika amana aliyokabidhiwa. Ushahidi wangu ni swali ambalo wengi wangeliona la kiufundi tu, linalowakabili mafundi wanaofufua magari ya zamani kwa kuyatia injini mpya: pampu ya mafuta ifungwe wapi?

Chukua Land Rover fupi ya Series III, gari lililoanza kutengenezwa 1971 na linalojulikana sana pembezoni mwa Tsavo. Tangi lake la petroli liko chini ya kiti cha mbele cha kulia, yaani nchini Kenya dereva hukalia mafuta. Pampu yake ya asili ilifungwa ubavuni mwa injini na kuendeshwa na injini yenyewe, ikipeleka mafuta kwenye kabureta kwa shinikizo dogo mno. Injini ikizimika, pampu nayo ilinyamaza. Usalama huo haukumdai fundi fikira yoyote, kwa kuwa ulikuja pamoja na chombo. Sasa injini hiyo imechakaa, na mwenye gari ameleta ya Kijapani isiyotumia kabureta. Injini hii inataka pampu ya umeme yenye shinikizo la bar 3 hivi, takriban mara kumi ya ile ya kwanza. Tena pampu hiyo, isipowekewa kizuizi, itaendelea kusukuma mafuta maadamu umeme unafika, hata gari likiwa limelala mtaroni na mpira wa mafuta umekatika. Aliyebadilisha injini ameondoa kinga iliyokuwamo bila kuombwa. Kuanzia hapo kinga ni juu yake.

Mahali panapovutia zaidi pa kuifunga pampu hiyo ni chini ya boneti: waya ni mfupi, mkono unafika, matope hayafiki. Lakini pampu ya aina hii ni hodari wa kusukuma na dhaifu wa kuvuta. Na kuvuta kwenyewe, tukichunguza, ni uzito wa hewa unaoyasukuma mafuta kuingia pale pampu ilipopunguza shinikizo. Wundanyi, kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, hewa ni nyepesi kuliko Voi. Na sehemu nyepesi za petroli huanza kugeuka mvuke kwa joto lisilopita sana lile la mchana mkali wa Voi, seuze lile la chini ya boneti. Mafuta yanayovutwa kutoka mbali hutoa mapovu njiani, pampu ikameza mvuke, injini ikazimika katikati ya mlima. Kwa hiyo pampu inafaa kukaa karibu na tangi na chini yake, mafuta yaiteremkie kwa uzito wake na yasafiri yakiwa yameshindiliwa, maana yakishindiliwa hayachemki upesi. Hapo ndipo swali linapoacha kuwa la ufundi peke yake. Mahali panapoifaa injini pamelifanya bomba zima, kutoka tangini hadi mbele, libebe shinikizo. Likitoboka, halidondoki bali linarusha. Hakuna pahali pasipo na madhara yoyote. Fundi anachagua madhara yamwelekee nani, na kwa kizuizi gani. Akiifunga upande wa ndani wa boriti ya chasisi, mbali na ekzosi na mawe yanayorushwa na magurudumu kwenye murram, kisha akaweka swichi inayokata umeme gari linapogongwa, amejibu swali hilo.

Dini haimpi ruhusa ya kulikwepa. Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, linamwamuru anayejenga nyumba mpya aizungushie ukingo darini, asije mtu akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Aliyeanguka ameanguka mwenyewe, na siku zake zimo mkononi mwa Mungu. Hata hivyo mjenzi anaulizwa. Mafundisho ya Kiislamu nayo humtaka mtu amfunge ngamia wake, ndipo atawakali. Katika mapokeo yote mawili, imani ya kwamba Mungu anajua mwisho haimfutii mja wajibu wa mwanzo.

Wengine watasema mwenye gari ni mtu mzima na ameridhika. Ameridhika na nini, ikiwa pampu iko asikoweza kuiona na hajui maana ya mahali ilipo? Na abiria wake je, au atakayelinunua gari hilo Taveta miaka mitano baadaye? Ridhaa ya mmoja haiwafungi hao. Wala hukumu ya mahakama haimalizi suala. Ford Pinto, gari dogo lililotoka Marekani mwaka 1970, lilikuwa na tangi kati ya ekseli ya nyuma na bampa. Mwaka 1978, katika kesi kuhusu tangi hilo, baraza la wazee wa mahakama California liliiamuru kampuni ya Ford ilipe fidia kubwa. Mwaka 1980 kampuni hiyo hiyo ikaachiliwa huko Indiana katika kesi ya jinai. Mahakama mbili zilipima makosa mawili tofauti kisheria, lakini swali la kwa nini tangi liliachwa pale lingali na uzito ule ule.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni la umaskini. Fundi wa jua kali hapangi bei peke yake, na mteja akikataa kulipia, huenda kazi ikahamia kwa jirani asiyejali. Nalikubali kwa sehemu: hatuwezi kumdai vifaa asivyoweza kuvipata. Lakini kuipeleka pampu upande wa ndani wa boriti badala ya pembeni kunadai waya wa ziada, bolti mbili na muda. Swichi ya kukata umeme inaweza kutolewa katika gari lililokwisha kuvunjwa. Ikikosekana kabisa, fundi bado ana uwezo wa kumweleza mteja hatari hiyo waziwazi kabla hajalipokea gari.