Mgomba Katikati ya Njia

Jumanne wiki hii nilibeba guni la kahawa ya maganda begani, mimi ambaye nikipanda ngazi mbili natafuta pa kushika. Toyo iliyokuja kuchukua mzigo ilifika kwenye kona ya kwetu, huku Kyerwa, si mbali na Nkwenda, dereva akazima injini, akatazama mbele, akacheka. Katikati ya njia ulisimama mgomba. Wala haukujiotea. Ulichimbiwa shimo la maana, ukatiwa samadi, ukazungushiwa matandazo kama mgonjwa aliyefunikwa blanketi. Nyuma ya mgomba huo ziko kaya nne, yetu ikiwemo.

Mwenyewe nilimkuta barazani kwake. Kwa ujirani namwita baba mdogo. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akaniuliza habari za safari, akanimiminia kiganjani kahawa za kutafuna. Tulitafuna kwanza. Nilipoulizia mgomba, wala hakupandisha sauti: "Njia ipi, mwanangu? Hapo ni kibanja changu. Mlikuwa mnapita kwa huruma ya marehemu kaka yangu. Mkitaka barabara, nendeni TARURA."

Neno hilo, huruma, ndilo lililoninyima usingizi. Nikiwa mtoto nilimwona bibi yangu akipitishwa pale pale kwenye engozi, machela yetu ya jadi, wanaume wanne mabegani, wengine pembeni wakisubiri zamu. Hakuna aliyepiga hodi kuomba huruma. Leo engozi ile ingekwama kabla ya kufika kwenye mbuni wa pili.

Na njia haikufa siku moja. Wazee wetu walipogawa vibanja walipanda mlamula kwenye kila kona ya mpaka, mti ambao jina lake lenyewe linasema kuamua. Mpaka ukapata mti wake. Njia haikupata kitu, maana nani angeota kwamba mtu atamfungia ndugu yake? Kisha kibanja kimoja kikawa vitatu, vitatu vikawa saba, na bei ya maganda ilipopanda mwaka 2024 kila hatua ya udongo ikaanza kuhesabiwa. Jembe la kila msimu linamega kidogo. Mwaka huu kiganja, mwakani unyayo. Anayemega hivyo hajioni mwizi, maana hakubeba kitu kwenda nacho nyumbani.

Najua kuna msomaji wa Karagwe, pale Omurushaka au Nyaishozi, anayenong'ona: lakini si shamba lake? Akipanda mgomba kwake, kosa liko wapi? Nimjibu. Kwa Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za mwaka 1999, ardhi ya nchi hii ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake. Mimi na baba mdogo tuna haki ya kuitumia, na sheria hizo hizo zinaitambua haki ya mtu kupita. Sijaona hati ya kimila iliyomruhusu mtu kugeuza boma la jirani kuwa kisiwa. Na huyo anayesema "anunue njia" aniambie alinunua kwa nani ile anayopita yeye.

Basi mshitaki, mtaniambia. Baraza la ardhi la kijiji lina wajumbe saba, watatu kati yao wanawake, na kazi yake ni kusuluhisha. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 baraza la kata nalo linasuluhisha tu, halitoi hukumu. Likishindwa ndani ya siku 30, mnapanda hadi Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Huko kuna nauli, kuna tarehe za kuahirishwa, na mnauza kahawa ileile mliyokuwa mnaigombea. Ukishinda, unarudi kupita mbele ya nyumba ya mtu yule yule, asubuhi na jioni, na lazima umwamkie.

Jumatano jioni nikachukua kamba ya katani nipime, nikitokea kwenye mlamula wa babu, nipate ushahidi wa kumkabili. Kamba ikapita juu ya mibuni mitatu. Ya kwetu. Baba aliipanda, nami nimeivuna miaka yote hii bila kujiuliza inasimama kwa nani. Hatua nzima ya njia tumeimeza sisi.

Msimamo wangu ninao, na mgomba ule sijausamehe. Mzee akigawa urithi agawe na njia, itajwe upana wake mbele ya mashahidi, ipandiwe mlamula kulia na kushoto, na siku wapimaji wa hati wakifika kijijini ichorwe kabla ya shamba la mtu yeyote. Kijana anayerithi kibanja kisicho na pa kutokea amerithi kesi.

Alhamisi asubuhi tuliing'oa mibuni ile mitatu. Miwili ilikuwa na matunda mabichi. Baba mdogo alitutazama kutoka barazani kwake hadi tulipomaliza, hakusema kitu. Mgomba wake bado umesimama. Baraza la ardhi la kijiji limetuita sote wawili Jumatano ijayo, saa tatu.